MAPOROMOKO YA MILIMA: JINSI YANAVYOTOKEA, DALILI ZAKE NA WAJIBU WETU

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Bwana Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu wanafunzi, kila ifikapo Oktoba au Novemba mvua zetu huanza kunyesha katika milima ya Kasulu na Kibondo, na huendelea kwa vipindi mpaka Aprili au Mei. Mkulima hufurahi, maana mahindi, maharage na mihogo yote hungojea mvua. Mvua ni rehma. Lakini wengi wetu tunaishi kwenye miteremko. Nyumba zimejengwa kwenye ubavu wa kilima au chini yake, na njia za kuja madrasa hupita kando ya kingo zilizochimbwa. Mvua hiyo hiyo ikizidi juu ya mteremko uliochoka, huweza kuwa mtihani mkubwa.

Makala hii inakusudia kueleza mambo matatu: namna mlima unavyoporomoka, dalili zinazotangulia, na yale ambayo Muislamu anapaswa kuyafanya kabla ya msiba kufika. Hili la tatu ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kuihama nyumba kwa kuogopa kilima ni upungufu wa imani.

THELUJI NA UDONGO: KANUNI NI MOJA

Katika nchi zenye baridi kali, kinachoporomoka mara nyingi ni theluji. Ndugu zetu wa Afghanistan wanayajua vizuri maafa haya. Mwezi Februari 2010, baada ya theluji nyingi mpya kuanguka, maporomoko yaliikumba barabara ya Salang iliyo kaskazini ya Kabul, na watu zaidi ya 160 walifariki, wengi wao wakiwa ndani ya magari. Huko Pakistan, tarehe 7 Aprili 2012, theluji iliifunika kambi ya jeshi ya Gayari na kuwaua watu 140.

Kwa nini theluji ikae salama siku nyingi, kisha iporomoke ghafla? Sababu ni kwamba theluji hujipanga tabaka juu ya tabaka. Tabaka la zamani huweza kuwa gumu na lenye utelezi, au likawa na punje zisizoshikana. Theluji mpya ikilundikana juu yake kwa muda mfupi, uzito huongezeka kuliko uwezo wa tabaka la chini kuushikilia. Hapo kinachotakiwa ni kisababu kidogo tu, hata mtu mmoja kupita juu yake, na ubavu mzima hukatika. Mara nyingi hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 mpaka 45. Mteremko wa nyuzi 45 ni ule wa mstari unaoupata ukikunja karatasi ya mraba pembe kwa pembe. Na hatari huwa kubwa zaidi wakati theluji inapoanguka na katika siku moja au mbili zinazofuata, hata kama jua limeshatoka.

Ukitaka mfano wa karibu, kumbuka mvua ya mawe inavyonyesha juu ya paa la bati. Mawe hulundikana, na kwa muda hukaa pale pale. Yale ya chini yakianza kuyeyuka, bati hupata utelezi, na lundo lote hushuka kwa mara moja mbele ya mlango.

Hapa kwetu Kigoma hakuna theluji. Tanzania nzima theluji ya kudumu ipo Kilimanjaro peke yake, huko juu sana ambako hakuna kijiji. Lakini udongo wetu unafuata kanuni ile ile ya mambo matatu: mteremko, tabaka dhaifu, na mzigo mpya ulioongezwa upesi. Kwa wenzetu mzigo ni theluji, kwetu mzigo ni maji.

UZITO WA MAJI

Watu wengi hawafikirii kwamba mvua ina uzito. Tufanye hesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, na lita 1 ina uzito wa kilo 1. Ekari moja ina kama mita za mraba 4,000. Basi mvua ya milimita 100 juu ya ekari moja ni kilo 400,000, yaani tani 400. Hiyo ni sawa na malori 40 ya tani 10. Hata kama nusu ya maji hayo itatiririka na kwenda mtoni, nusu iliyobaki na kuzama ardhini ni tani 200 juu ya shamba moja tu.

Maji hayaongezi uzito peke yake, bali pia huondoa mshikamano. Anayefyatua matofali analijua jambo hili. Udongo mkavu haushikani. Ukitia maji kidogo unashikana vizuri na kukaa ndani ya kibao. Ukizidisha maji unakuwa uji na kumwagika. Kilima nacho ni hivyo hivyo. Mvua za mwanzo hukilowesha, na kilima husimama. Mvua zikifuatana siku baada ya siku, maji huzama mpaka yakutane na mwamba au udongo mgumu usiopitisha maji. Hapo hukusanyika na kuusukuma udongo wa juu, nao huanza kuelea na kuteleza. Ndiyo maana mvua kubwa ya mwisho wa msimu, au mvua iliyokuja baada ya wiki nzima ya manyunyu, ni ya kuogopwa kuliko mvua kubwa ya kwanza.

Udongo uliokwisha kushiba maji huweza kuporomoka hata kwenye mteremko ulio mdogo kuliko ule wa theluji. Na tope likishaanza kushuka hufuata bonde au mkondo wa mto mpaka uwanda wa chini. Kwa hiyo asiye na nyumba mlimani asiseme kwamba jambo hili halimhusu.

YALIYOTOKEA KATIKA NCHI YETU NA KWA JIRANI ZETU

Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, katika msimu wa mvua za El Nino, tope zito lenye mawe na magogo lilishuka kutoka Mlima Hanang mkoani Manyara, likafuata mikondo ya maji na kuingia katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Uvumi ulienea kwamba volkano imelipuka. Wataalamu wa Serikali walipochunguza walieleza kuwa haikuwa volkano, bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi, ikamegeka na kugeuka tope. Waliokufa Katesh wengi hawakuishi juu ya mlima, waliishi chini yake.

Kabla ya hapo, Novemba 2009, maporomoko yaliua watu zaidi ya 20 katika milima ya Upare, wilayani Same. Na Aprili 2024 tope la mlimani lilifunika nyumba na kuharibu shule katika eneo la Itezi jijini Mbeya.

Kwa jirani zetu hali imekuwa nzito zaidi. Nchini Uganda, tarehe 1 Machi 2010, ubavu wa Mlima Elgon ulikifunika kijiji cha Nametsi wilayani Bududa. Watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wengi hawakupatikana tena. Nchini Burundi, ambayo milima yake inaendelea mpaka hapa kwetu, maporomoko ya usiku yaliua watu zaidi ya 20 mkoani Cibitoke mwanzoni mwa Desemba 2019. Mei 2023 ulikuwa mwezi wa huzuni katika eneo la Ziwa Kivu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, na tarehe 4 vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wilaya ya Kalehe nchini Kongo, vilifunikwa na tope na mafuriko. Zaidi ya watu 400 walifariki. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko.

Tazama nyakati zake: alfajiri Hanang, usiku Cibitoke na Rwanda. Mvua ya usiku ina hatari zaidi kwa sababu watu wamelala, dalili hazionekani, na sauti ya mvua juu ya mabati hufunika ngurumo ya mlima.

MIKONO YETU WENYEWE

Mvua anateremsha Mwenyezi Mungu (S.W.), lakini udhaifu wa mteremko mara nyingi tumeuongeza sisi. Mambo yanayofanyika katika vijiji vyetu ni haya:

1. Kukata ubavu wa kilima ili kupata kiwanja bapa. Nyumba hukaa chini ya ukuta wa udongo usio na kitu cha kuuzuia.

2. Kuchimba udongo wa matofali au kifusi cha barabara chini ya kilima. Anayechimba hapo ni kama anayeondoa mguu wa meza iliyobeba mzigo.

3. Kukata miti ovyo kwa ajili ya kuni, mkaa na kuchomea matofali. Mizizi hushona udongo kama uzi unavyoshona kanzu. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: mti ukikatwa leo, mizizi yake hubaki ardhini ikishikilia udongo kwa miaka michache, kisha huoza. Kwa hiyo kilima kilichokatwa miti huweza kusimama miaka mitatu au minne, watu wakasema hakuna neno, kisha kikaanguka mwaka wa tano.

4. Kuelekeza maji ya paa, ya barabara au ya bomba lililopasuka kwenye mteremko ulio juu ya nyumba ya jirani. Hili ni dhara, na dhara kwa jirani haifai katika dini yetu.

DALILI ZA KUANGALIA

Mlima haudondoki bila kutoa habari. Wanafunzi, someni dalili hizi na mkawaeleze wazee na wadogo zenu nyumbani:

(a) Nyufa mpya ardhini, hasa zile zinazokatiza mteremko kwa upana, au ufa unaozidi kupanuka.

(b) Miti, nguzo za umeme au uzio ulioanza kuinama.

(c) Mlango au dirisha lililokuwa likifunguka vizuri sasa linakwama, au ukuta na sakafu kupasuka. Msingi unasogea.

(d) Chemchemi mpya kutokea mahali palipokuwa pakavu, au maji ya chemchemi ya siku zote kugeuka tope.

(e) Maji ya kijito kupungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Hii ni dalili mbaya sana. Maana yake huenda udongo umeziba juu, na ukifumuka maji na tope vitakuja kwa pamoja.

(f) Mawe madogo na mabonge ya udongo kudondoka kidogo kidogo, au sauti ya ngurumo isiyokuwa radi, na milio ya miti kuvunjika.

Sikilizeni pia redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za mvua kubwa kwa ngazi, kuanzia angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Mwenye nyumba chini ya kilima asiisikie taarifa hiyo kama anavyosikia tangazo la biashara.

KUHAMA SI KUKIMBIA QADARI

Sasa tufike kwenye lile suala tulilolitanguliza. Utamsikia mtu akisema, "Ajali ikifika imefika, nitakwenda wapi?" Maneno haya yanaonekana kama tawakkul, lakini sivyo tulivyofundishwa.

Khalifa Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa safarini kwenda Sham pamoja na maswahaba. Alipofika Sargh akapewa habari kwamba kuna maradhi ya tauni huko mbele. Akawataka watu ushauri, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah. Kisha akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, moja yenye rutuba na nyingine kavu. Akichunga upande wowote katika hizo, amechunga kwa qadari ya Allah. Baadaye Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaja na mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yaliyoafikiana na uamuzi ule, na Umar akamshukuru Mola wake.

Mfano huo wa bonde lenye pande mbili unatufaa sana sisi watu wa milimani. Anayelala usiku wa mvua chini ya ufa, na anayehamia kwa ndugu yake upande wa pili, wote wamo ndani ya qadari. Lakini mmoja ametumia akili aliyopewa na mwingine ameiacha. Hali kadhalika Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ndipo ategemee.

Wapo pia wanaojifariji kwamba aliyekufa chini ya kifusi ni shahidi. Ni kweli, katika hadithi sahihi aliyeangukiwa na jengo amehesabiwa miongoni mwa mashahidi, naye huoshwa na kuswaliwa kama maiti wengine. Hiyo ni bishara kwa aliyefikwa na msiba, na ni faraja kwa wafiwa. Si ruhusa ya kujitupa katika maangamizi, wala kuwaweka watoto chini ya ukuta wa udongo. Mtoto hakuchagua mahali pa kulala. Aliyemchagulia ataulizwa.

Tukumbuke pia kwamba Ibn Abbas (R.A.), siku moja ya mvua na tope, alimwamuru mwadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao, akaeleza kuwa alifanya hivyo aliye bora kuliko yeye. Ikiwa sheria imejali tope la njiani, basi mwanafunzi asivuke korongo linalofurika usiku kwa kuogopa kukosa darsa. Na Mtume (S.A.W.) alipoombwa dua baada ya mvua ya wiki nzima, aliomba mvua iwe pembezoni mwao na isiwe juu yao, inyeshe kwenye vilima, mabonde na mahali pa kuota miti. Basi dua ni silaha, na kuhama ni sababu. Tushike yote mawili.

LA KUFANYA

Kabla ya msimu: kila familia ichague nyumba ya ndugu au jirani iliyo mahali salama, wakubaliane mapema. Zuieni uchimbaji chini ya vilima kupitia serikali ya kijiji. Pandeni miti yenye mizizi mirefu na majani ya kushika udongo. Chimbeni mitaro ya kuongoza maji mpaka mahali pasipo na madhara, na nyufa zizibwe ili maji yasizame.

Wakati wa mvua kubwa: ukiona dalili yoyote katika zile tulizotaja, ondoka mchana, usingoje usiku. Chukua watoto, wazee na wagonjwa kwanza. Vyombo viache. Mtaarifu mwenyekiti wa kijiji au kitongoji na majirani, na msikitini pana kipaza sauti, kitumike. Ukisikia mlima unashuka, usikimbie kufuata bonde kwa sababu tope ndiyo njia yake. Kimbia kwa ubavu, ukatoke nje ya mkondo na kupanda mahali palipoinuka.

Baada ya maporomoko: subira. Tarehe 22 Julai 2024, katika eneo la Gofa kusini mwa Ethiopia, udongo ulifunika nyumba chache. Watu wakakimbilia kuchimba ili kuwaokoa wenzao, na kipande kingine cha kilima kikawaangukia wao. Zaidi ya watu 200 walikufa. Hata Badakhshan, Afghanistan, Mei 2014, poromoko la pili liliwakuta waliokuja kusaidia. Kuokoa ni jambo lenye thawabu kubwa, lakini awekwe mtu mwenye macho mazuri mahali salama aangalie kilima na kupiga kelele kikianza kusogea. Wachimbaji wawe wachache kwa zamu, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu kwa namba 114. Na aliyehama asirudi nyumbani siku ile ile kwa sababu jua limetoka. Maji yaliyozama hayajatoka bado.

HITIMISHO

Wanafunzi wapenzi, Qur'an imeitaja milima kuwa ni vigingi vya ardhi, na imetuamuru tuitazame namna ilivyosimamishwa. Kutazama ni ibada. Basi likizo hii kila mmoja wenu atembee kuzunguka nyumba yao, aangalie kilima kilicho juu yake, aandike alichokiona, na amwambie baba, mama au babu kwa adabu. Huenda neno la mtoto mmoja likawa sababu ya kusalimika nyumba nzima.

Mwenyezi Mungu (S.W.) awarehemu waliofukiwa, awape subira wafiwa, na ajaalie mvua zetu ziwe za manufaa. Amin.

Maswali ya kujipima
1. Taja mambo matatu yanayokutana ili mteremko uporomoke.
2. Mvua ya milimita 50 juu ya ekari 2 ina uzito wa tani ngapi?
3. Kwa nini kilima huweza kuanguka miaka kadhaa baada ya miti kukatwa?
4. Kijito kikipungua ghafla mvua ikinyesha, utafanya nini?
5. Eleza kwa maneno yako jibu la Umar (R.A.) kwa Abu Ubaida (R.A.).

Wabillahi tawfiq.